Vitu Vitatu vya Gari la Okochi

Okochi alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya kuliko ule uliompooza mkono, nao ulikuwa mdomo. Angenyamaza siku ile Oluka alipokuja kumuuliza, kwa adabu zote, karakana itakuwa ya nani, asingejiingiza taabuni. Lakini kunyamaza hakukuwa katika maumbile yake. Aliketi barazani kwake kijijini Sikuda, gari dogo la rimoti likiwa miguuni, na mbele ya mke wake Taaka akatoa neno ambalo kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshalijutia.

"Sikia, Oluka. Jumatatu ya Pasaka mimi nakwenda Tororo na hii gari. Ikipanda mawe yote mpaka mwisho, mimi narudi kazini na wewe unabaki chini yangu vile zamani. Ikinishinda, karakana ni yako. Mashine, jina, kila kitu. Mama Joanita ni shahidi."

Taaka, ambaye hakuna aliyemwomba kuwa shahidi, aliendelea kuchambua maharage.

Oluka hakuwa na haraka ya kumrithi mtu. Alitoka Mulanda akiwa kijana kuja kujifunza kuchomelea vyuma kwa Okochi, na sasa alikuwa baba wa watoto watatu. Tangu mwalimu wake aanguke ghafla mwaka uliopita, ni yeye aliyeiendesha karakana ile ya Busia, upande wa Uganda, karibu na maegesho ya malori. Aliiendesha vizuri, na hilo ndilo lililomuuma Okochi kuliko kitu kingine. Sasa karakana kubwa ya matrela upande wa Kenya ilikuwa imemwita kazini na ilitaka jibu kufikia Pasaka. Mtu mwenye watoto lazima aulize.

"Sawa, Fundi," Oluka alisema. "Mimi nangoja Pasaka."

Miguu ya Okochi ilikuwa imepona. Kusema pia kulirudi, mapema mno kwa maoni ya Taaka. Mkono wa kushoto ndio uliorudi nusu, na Okochi ni mtu wa mashoto tangu kuzaliwa. Mkono huo ndio ulioshika moto kwa miaka ishirini na minane. Hospitalini walimpa mpira wa kuminya, akaugawa kwa majirani. Walimwambia aokote punje za mahindi moja moja, akasema yeye si kuku. Ndipo binti yake Joanita, muuguzi wa Tororo, alipomletea lile gari.

Lilikuwa gari la kupanda mawe, refu kama kigasha cha mtu mzima, la aina wanayouziwa wanaoanza. Halikimbii. Linatambaa polepole kuliko kuku anayetafuta chakula, na sifa yake yote ni kupita mahali ambapo gari halina ruhusa ya kupita. Rimoti yake hushikwa kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kikivuta kidude kama cha bunduki ili gari liende, na mkono wa kulia ukizungusha gurudumu dogo la usukani. Kidole kikivuta kidogo, gari hutambaa. Kikivuta sana, linaruka. Joanita hakumwambia baba yake kwamba ni dawa. Alimwambia kwamba kuna watu Tororo, walimu na mainjinia wazima, wanaokutana chini ya mwamba mkubwa wa mji ule kushindana, na kwamba wengi hawawezi. Hilo la mwisho lilitosha.

Kwa wanaoanza, chama kile cha Tororo kina sheria moja: badilisha vitu vitatu tu kwenye gari, vingine vyote vibaki vile vilivyotoka kiwandani. Asubuhi ya mashindano katibu wao, mwalimu wa hesabu aitwaye Proscovia, hutia kila kitu kilichobadilishwa tone la rangi ili mtu asije akafanya ujanja mchana.

Hapa ni lazima nieleze jambo la Busia. Pikipiki mpya pale haibebi abiria ikitoka dukani. Inapelekwa kwanza kwa fundi ikazwe. Inaongezwa chuma chini ya kiti, chuma kwenye uma wa mbele, springi nene, keria ndefu, na gadi kubwa ya kuzuia ajali, kwa sababu itakachobeba si mzigo wa pikipiki: ni magunia sita, au kitanda pamoja na mwenye kitanda. Pikipiki ambayo haijakazwa inachekwa barabarani. Kazi hiyo ndiyo iliyomjengea Okochi nyumba na kumsomesha Joanita, na hakuna mtu mpakani aliyeikaza pikipiki kumzidi.

Kwa hiyo alipoambiwa achague vitu vitatu, hakufikiri hata kwa muda wa kumaliza chai. Cha kwanza, gadi ya nondo nyembamba kuzunguka gari zima mpaka juu ya paa, ili likianguka lisivunjike. Cha pili, springi ngumu, alizozikata kutoka kwenye klachi ya pikipiki. Cha tatu, mota yenye nguvu, maradufu ya ile ya kiwandani. Mkono wake haukuweza kuchomelea, basi akamwamuru Oluka.

"Fundi, hii si itakuwa nzito huko juu?" Oluka aliuliza.

"Wewe choma."

Oluka akachoma. Ilikuwa kazi safi, huoni hata mahali nondo zilipoungana.

Mota aliiagiza kwa Levis, kijana anayetengeneza simu na redio upande wa Kenya, ambaye huvuka mpaka kila siku na mkoba wake na ambaye ana gari kama hilo. Levis alipoiona ile gadi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, hapana," alisema. "Anza na chini. Kwanza tairi, hizi za kiwanda ni ngumu kama sahani. Weka laini, zikumbatie jiwe. Halafu weka uzito kwa magurudumu ya mbele, huko chini kabisa. Halafu ile mota ndogo ya usukani, hiyo iko chini ya kiwango, itashindwa kupinda tairi ikibanwa na mawe. Ni hizo tu. Hii mota ya kusukuma wachana nayo. Hatuendi mbio, buda."

"Wewe unatengeneza simu," Okochi alimjibu. "Simu haibebi mzigo."

"Na hii pia haibebi."

"Kila kitu inabeba mzigo," Okochi alisema, akachukua mota yake akaondoka.

Nyuma ya jiko lake kule Sikuda kuna mawe ambayo Taaka huanikia nguo. Huko ndiko Okochi alikojificha na gari lake, kila alasiri, wakati ambao hakuna jirani wa kupita. Gari lilianza kupanda, likafika katikati ya jiwe la kwanza, likaruka na kulala chali, magurudumu yakizunguka hewani. Akaliinua. Likapanda, likalala chali. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu alitukana. Baada ya wiki mbili alikuwa hacheki wala hatukani. Analiinua tu, anaangalia kidole chake cha kushoto kinavyotetemeka juu ya kile kidude, na kukichukia kama mtu anavyomchukia ndugu aliyemtia aibu mbele ya wakwe.

Aliogopa. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye hakulisema kwa mtu yeyote. Aliogopa kwamba madaktari walimdanganya kwa huruma, kwamba mkono umefika mwisho wa kupona kwake, na kwamba atakaa barazani miaka ishirini iliyobaki akiulizwa na wapita njia kama ameamkaje. Gari zima kama lile, lililokazwa vizuri vile, haliwezi kuanguka lenyewe. Ni mkono tu.

Wiki moja kabla ya Pasaka alimfuata mke wake kwenye cherehani yake.

"Mama Joanita, tuma mtu amwambie Oluka akuje achukue karakana. Mimi nimekwisha."

Taaka hakuinua kichwa. "Umekwisha namna gani?"

"Kidole. Naambia yeye polepole, yeye anaruka. Gari inaanguka kila siku."

"Leta nione."

"Utaona nini? Wewe hujui hiyo kitu."

"Leta, Baba Joanita."

Taaka alikuwa ameshona nguo za shule kwa miaka mingi kwa cherehani ya miguu, na katika mwili wake hapakuwa na kiungo kinachotetemeka. Alisimama mbele ya mawe yake ya kuanikia nguo, akaonyeshwa kidude cha kuvuta, akakivuta taratibu kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Gari likapanda. Katikati ya jiwe likainuka mbele, likalala chali. Akaliinua akajaribu tena, na tena, mara tano, na mara zote tano likalala.

"Basi na mimi niko na ugonjwa," alisema, akamrudishia rimoti, akarudi kwenye kushona.

Kwa muda wa kama dakika moja Okochi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Haukuwa mkono! Alitaka kumwita Taaka arudi amkumbatie. Kisha furaha ikakatika, maana kama si mkono, basi ni kazi. Mkono mgonjwa ni mkosi, na mwenye mkosi huhurumiwa. Lakini ile gadi, zile springi na ile mota zilitoka kichwani mwake, na kichwa hakikuwa kimepooza. Alikaa juu ya jiwe akakumbuka waendesha pikipiki waliorudi kwake miaka nenda miaka rudi, wakisema Fundi, tangu uikaze hii inapepesuka kwenye kona, na yeye akawajibu kwamba hawajui kuendesha. Walikuwa wengi. Aliona aibu, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Kesho yake alivuka mpaka, akamwekea Levis gari juu ya meza.

"Fungua yote," alisema.

Levis alimtazama usoni, na kwa heshima yake hakucheka. Alicheka baadaye, lakini kidogo.

Walianza upya kutoka chini. Springi za kiwandani zilirudi mahali pake, na mota ya kiwandani vilevile. Tairi laini zililetwa na basi kutoka Nairobi, na ndani yake wakaweka sponji, wakibishana iwe kiasi gani: Okochi alitaka ijae, Levis alitaka tairi ibonyee kidogo inapokanyaga. Wakajaribu zote mbili juu ya tofali lililoegemezwa, na ya Levis ikapanda. Kwa uzito, Okochi alikwenda mwenyewe kwa wale wanaoziba tairi za malori akaokota vipande vikuukuu vya risasi, vile vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu. Akavigonga kwa nyundo vikawa vyembamba kama ukanda, akavigawa sawasawa kwenye mizani ya muuza dagaa, akavigundisha ndani ya rimu za mbele. Alivutwa sana kuongeza. Mikono ya kukaza haiachi tabia yake kwa siku moja.

"Ukizidisha, usukani utakufa," Levis alimwonya. "Hii mota ya usukani nimekupa iko na nguvu, lakini si ya trela."

Hapo ndipo Okochi alipoelewa, na alipenda kuelewa. Tairi laini haina faida bila uzito wa kuikandamiza kwenye jiwe. Gurudumu zito halipindiki bila usukani wenye nguvu. Vile vitu vitatu vilikuwa kama kitu kimoja. Na ile mota ya kiwandani aliyoidharau ilikuwa mvivu kiasi kwamba haikujishughulisha na mitetemeko. Kidole kilitetemeka vilevile, mota ikaendelea na safari yake kana kwamba haijasikia. Siku tatu baadaye gari lilikuwa limevuka mawe ya Taaka yote, na shati moja lililokuwa limeanikwa.

Jumatatu ya Pasaka, chini ya mwamba wa Tororo, Proscovia alitia rangi ya kijani mahali patatu akamwandika Okochi namba kumi na moja. Njia ya wanaoanza ilikuwa na milango minne ya vijiti juu ya mawe. Ukigusa gari kwa mkono umetoka. Oluka alikuwa amekuja na shati lake la kanisani, akasimama mikono nyuma. Taaka alikaa juu ya mkeka na wanawake wengine, akaficha wasiwasi wake kwa kuulizia bei ya nyanya.

Mlango wa kwanza aliupita, na wa pili. Wa tatu ulikuwa na mteremko uliowalaza chali watu wanne kabla yake. Gari la Okochi likashuka pua mbele, likishikwa chini na uzito wa risasi zake. Kwenye mlango wa nne, mawe mawili yaliachana kiasi cha kiganja. Gurudumu la mbele la kushoto likabaki hewani. Okochi hakuvuta zaidi wala hakuachia, akashikilia pale pale kidole kikimtetemeka na jasho likimwingia machoni, mpaka upande wa mbele ukashuka wenyewe, tairi ikabonyea ukingoni mwa jiwe, ikashika, na gari likajivuta juu.

Walimpigia makofi. Alishika nafasi ya tano kati ya kumi na wanne, na ungedhani amepewa wilaya. Oluka alimfuata, akamshika mkono, ule wa kushoto, kwa mikono yake miwili.

"Hongera, Fundi. Kweli umepanda." Akampa funguo za karakana. "Mimi kesho naanza kule ng'ambo. Si kwa ubaya. Nilishazoea kujiamulia."

"Sawa, sawa," Okochi alisema, huku akimtafuta mtu wa kumsimulia mlango wa nne. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimsimulia Taaka, ambaye aliuona.

Jumanne alifungua karakana kabla wenye chai hawajawasha moto. Mteja wa kwanza alikuwa Athieno, mwanamke anayebeba samaki kwa pikipiki kutoka ziwani mpaka Tororo, na pikipiki yake ilikuwa mpya. Alitaka ikazwe kama za wengine. Okochi akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mteja kwa miaka ishirini na minane: kreti za samaki zinakaa wapi, na akipiga kona inamvuta upande gani? Athieno akaeleza. Okochi akachora kwa chaki sakafuni keria fupi, ya chini, yenye mikono miwili ya kushusha kreti pembeni mwa gurudumu. Haikuwa imetokea Busia nzima. Athieno aliizunguka ile michoro akasema Mungu akubariki.

Kisha Okochi akavaa kinyago, akashika mashine kwa mkono wa kushoto, akawasha moto.

Fito ya kuchomelea iliganda kwenye chuma. Akaing'oa, akawasha tena. Mstari ulitoka umepinda, mnene huku, mtupu kule. Aliusubiri upoe, akaupiga nyundo mara moja, vile alivyokuwa akiwapimia wanafunzi wake, na vyuma vikaachana. Akarudia, vikaachana. Mara ya tatu alishika kifundo cha kushoto kwa mkono wa kulia ili kisitikisike, akaunguza mkono wa shati, akapiga nyundo, na chuma kikaanguka karibu na mguu wa Athieno.

"Mzee, mimi nitarudi siku ingine," Athieno alisema, kwa ile sauti watu wanayotumia wodini.

Okochi alibaki ameketi kwenye kiti chake. Angeweza kusema umeme ni mdogo, au chuma ni kibovu; watu wangemwamini, maana mji mzima ulikwishasikia habari za Tororo. Lakini yeye alijua. Lile gari alilitengeneza vizuri mno mpaka likafunika udhaifu wa mkono wake, na moto wa kuchomelea haufuniki kitu. Alikuwa ameshinda, na ushindi ule haukuwa na uhusiano wowote na kazi hii. Alilia kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Saa tano alivuka mpaka kwa miguu. Karakana ya matrela ilikuwa na ua mkubwa na mlinzi. Oluka alikuwa amechuchumaa chini ya trela, cheche zikimrukia mabegani. Okochi alisimama pembeni mpaka moto ulipozimika na kinyago kikainuliwa.

"Fundi? Kuna nini? Mama Joanita mzima?"

"Mzima. Oluka, mimi nilishinda."

"Ndiyo. Nilikuwepo."

"Mkono haikushinda. Ni gari ilishinda." Akamnyooshea ule mkono wa kushoto, ukitetemeka mbele ya wafanyakazi wa watu, wala hakuurudisha. "Leo nimechoma mara tatu. Nyundo moja, inaachana. Naweza kuchora. Naweza kuona mzigo inataka kukaa wapi, sasa naona kuliko zamani. Kuchoma siwezi tena. Karakana ni yako, si kwa sababu ya mashindano. Nakuomba."

Katika miaka yote aliyomfahamu, Oluka hakuwahi kusikia neno hilo la mwisho likitoka katika mdomo ule. Aliutazama ule mkono, akautazama ule mstari alioufikisha nusu chini ya trela.

"Mimi ndiye nitaamua kazi," alisema.

"Wewe ndiye utaamua."

"Hata ukiona nakosea?"

Okochi alikaa kimya kwa muda mrefu, na kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko mlango wa nne. "Hata hapo," alisema.

"Wacha nimalize hii ya watu, kazi siachi nusu. Halafu niage, tutakwenda." Oluka akashusha kinyago, akasogeza fito kwenye chuma. "Funga macho, Fundi. Nawasha."

Okochi akafunga macho, akangoja.